Dolphine Haombi Msamaha

Watu wa kamati wanasema Dolphine ana mdomo mchafu. Sasa, mimi ndiye niliyekaa karibu na huo mdomo tangu nikiwa bibi arusi mpaka leo nina wajukuu. Kama kuna mtu wa kuupima uchafu wake ni mimi, na hakuna aliyeniuliza mpaka walipokuwa wameshaamua. Hilo ndilo linaloniwasha. Basi nitasema bila kuulizwa.

Naitwa Wangu. Nauza viazi katika soko letu dogo la kando ya barabara, huku Mamboleo, mahali Kisumu inapoanza kuisha. Kwetu ni Nyeri. Meza iliyopakana na yangu ilikuwa ya Dolphine, muuza samaki wa kukaanga, na kwao ni Asembo Bay, jambo ambalo hatakuacha ulisahau hata ukitaka. Hapa mwanamke aliyeolewa huitwa kwa kwao alikozaliwa, kwa hivyo soko zima linamwita Nyar Asembo, binti wa Asembo, na yeye huitikia taratibu, kama mtu anayetajiwa cheo chake.

Ni mrefu, ana mifupa mikubwa, na sauti yake haijui kunong'ona. Mumewe alikufa mapema akamwachia watoto wadogo. Shemeji zake walipokuja kutaka mmoja wao amrithi kama ilivyo desturi ya kwao, aliwakaribisha vizuri, akawakaangia samaki, wakala wakashiba, kisha akawaambia kwamba katika nyumba ile hakuna kingine watakachokula. Waliondoka wakinung'unika njia nzima. Yeye asubuhi yake alikuwa sokoni na karai lake la mafuta, na watoto wale aliwalea kwa karai hilohilo mpaka kila mmoja akajua pa kwenda. Huyo ndiye mtu wanayetaka kumfundisha adabu.

Siku ya kwanza tulipoonana tuligombana. Ndirangu, mume wangu, alikuwa amenileta Kisumu karibuni tu, na mimi nikamwaga gunia langu la kwanza la viazi bila kuangalia upepo unavuma kwenda wapi. Vumbi lote likaenda kwa samaki wa jirani. Dolphine aliniuliza mbele ya wateja kama nimekuja kuuza viazi au nimehama na shamba lote la baba yangu. Nilikuwa mgeni, Kiswahili changu chenyewe cha kuvuta kwa kamba, na machozi yalikuwa karibu. Lakini hasira ilifika kwanza. Nikamjibu kwamba angalau shamba langu halina nzi, yeye ametoka Asembo na nzi wote wa huko, na watu wa kwao mpaka sasa wanauliza nzi wao walikwenda wapi.

Halafu Dolphine akacheka, akacheka mpaka akashika meza, akachagua samaki mmoja mzuri, akanifungia kwenye gazeti. Akasema nile nipate nguvu, maana kesho ataniuliza lingine. Na kesho yake kweli akaniuliza lingine.

Hivyo ndivyo tulivyoanza, na hatukuacha. Anawaambia wateja kwamba Mkikuyu huyu ukimsalimia anafikiria kwanza kama salamu ina faida. Nami nawaambia kwamba Mjaluo huyu akinunua viatu vipya hutembea katikati ya barabara ili magari yavione. Wajaluo wana kitu wanakiita pakruok: muziki unapigwa, mtu anausimamisha, anasimama mbele ya watu wote na kujisifu mpaka wanaomsikia wanapiga mbinja. Dolphine hangoji muziki. Akishaweka karai motoni tu, anapanua kifua na kusema kwamba yeye ndiye Nyar Asembo, aliyezaliwa ziwa likasimama kumtazama. Mimi nasema ziwa lilisimama kwa mshtuko. Wateja wanacheka, wananunua samaki kwake na viazi kwangu, maana huwezi kucheka bure mahali halafu uende mikono mitupu.

Jambo moja nataka lieleweke. Si kila mtu anayetaniwa na Dolphine. Mtu ambaye yeye hampendi, humwamkia kwa heshima zote, habari ya asubuhi, mama, habari za nyumbani, Mungu akubariki. Ukisikia Dolphine anakuombea baraka, jua mmekwisha.

Mwaka ule wa uchaguzi mbaya, mwisho wa 2007 kuingia 2008, kibanda tulichokuwa nacho mimi na Ndirangu kilichomwa, tukakimbilia Nyeri na nguo za mwilini. Mambo yalipotulia tulirudi, watu wa kwetu wakituona wendawazimu. Niliingia sokoni. Wanawake wengine walitazama chini, wengine walinipa pole kwa Kiswahili cha kanisani. Dolphine alikuwa anageuza samaki. Hakuinua hata macho. Akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, kwamba alidhani nimeenda kuleta viazi, kumbe nilienda kuvipanda kwanza. Nilikaa chini nikacheka huku nalia. Gorogoro langu, lile kopo la kupimia, alikuwa amelificha chini ya meza yake miezi yote hiyo. Alinirudishia, na hatukuzungumza zaidi kuhusu mambo yale.

Sasa nifike kwa kifo cha Ndirangu, maana bila hicho hutaelewa fujo iliyotokea mwaka huu.

Ndirangu aliugua, akafa, na tukamsafirisha kwenda kuzikwa kwao Nyeri. Kwetu msiba ni kitu cha utulivu. Watu wanavaa makoti, wanaketi chini ya hema, wazee wa kanisa wanafuata ratiba, na anayelia analilia kwenye leso yake. Dolphine hakuwahi kufika Nyeri maishani mwake. Alipanda gari na wanawake wengine wa soko, wakafika tukiwa tumeshaanza wimbo wa kwanza. Kwao mwanamke haingii kwenye boma la msiba akitembea kama anayekwenda dukani. Anaingia akikimbia, mikono kichwani, akimwita marehemu na kumsifu, ili boma lote lijue kwamba aliyekufa alikuwa mtu. Basi Dolphine akafanya ipasavyo. Alipita getini mbio, leso inapepea, akilia "Ndirangu yaye!", akipita katikati ya viti, akimwita simba, akimwita nguzo ya nyumba, akimuuliza amemwachia nani. Wazee wa kanisa walisimama. Mchungaji alifunga kitabu.

Mama mkwe wangu alinigeukia uso umebadilika. Aliniuliza kwa Kikuyu, polepole, kwa muda gani nimejua kwamba mwanawe ana mke mwingine Kisumu, na watoto wa huyu mwanamke wamekaa wapi, wasije wakasahauliwa kutajwa. Wajomba walikuwa wameshaanza kunong'onezana mambo ya shamba. Na mimi, mjane, mbele ya jeneza la mume wangu niliyempenda, nilishikwa na kicheko ambacho mpaka leo sijui nilikimezaje. Nilifunika uso. Watu wakadhani nalia kwa uchungu wa kusalitiwa, wakanishika mabega.

Dolphine alipoelezwa baadaye alikuwa amechukia, si kidogo. Aliuliza kama watu wa kwetu wanazika binadamu au wanapanda miche. Lakini hakuninenea mimi hata neno moja la mzaha siku hiyo, wala tuliporudi Kisumu. Wakati wa matanga utani unasimama. Akawa ananisalimia vizuri, kwa upole, pole mama, umelalaje, umekula? Akanichotea maji, akaniuzia viazi vyangu nilipokuwa siwezi kusimama. Wiki zikawa miezi. Ule upole uliniua. Kila nilipousikia nilijua kwamba mimi bado ni mtu wa kuhurumiwa, na nyumbani pia kila mtu alinihurumia, na niliona heri nilale nisiamke.

Halafu asubuhi moja nilikuja nimechelewa, nywele sijachana, nikaketi nyuma ya viazi bila hata kuvipanga. Dolphine aliniangalia sana. Akaweka chini kijiko chake. Akaniita nyieka, ndiyo mke mwenza kwa lugha yao.

"Nyieka," akasema, "muulize mama mkwe wetu, shamba langu la Nyeri ni upande gani?"

Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Nilicheka ndipo nikalia kweli, kile kilio nilichokuwa sijalia tangu tumzike. Yeye akaendelea kukaanga, akinipa nafasi. Tangu siku hiyo mimi ni nyieka na yeye ni nyieka, na marehemu ni mume wetu, na soko zima linajua hivyo. Sitaki kusema maneno makubwa, lakini siku ile ndiyo nilianza kuishi tena.

Haya. Sasa hii kamati.

Mwenyekiti wa soko letu ni Bwana Wesonga, anayeuza ndoo na mabeseni, mtu mwenye wasiwasi lakini si mtu mbaya. Mwaka jana aliunda kamati ya utangamano, na wakapitisha kwamba yeyote atakayemtukana mwenzake kwa kabila lake atanyang'anywa meza. Sisi sote tulipiga makofi. Mimi pia nilipiga, niseme ukweli. Shirika moja likamtuma msichana mpole kutoka Nairobi, jina lake Debra, awe anakuja kutufundisha kabla joto la uchaguzi halijapanda. Tulimpenda. Dolphine mwenyewe alimpa samaki.

Kisha mteja fulani, mgeni, akamchukua Dolphine video kwa simu. Siku hiyo palikuwa na watu wengi, na Nyar Asembo alikuwa amepandwa na pakruok yake. Kwenye video anaonekana amesimama na kijiko mkononi, ananielekezea mimi, anasema:

"Mtazameni Mkikuyu huyu. Alimmaliza bwana wetu, viazi asubuhi, viazi jioni, akamzika bila hata kulia. Sasa anataka kuwamaliza nyinyi. Nunueni samaki muishi!"

Hapo inakatika. Jibu langu halimo, na jibu langu siku hiyo lilikuwa kali kuliko lake, kwamba mume wetu alijifia mapema kukimbia kelele za nyumba ndogo. Watu walikuwa wanaangua vicheko, lakini kwenye simu vicheko vyenyewe vilisikika vibaya, kama watu wanaomzomea mjane. Video ikazunguka kwenye makundi ya wasap. Watu wasiotujua wakaandika wanavyotaka. Mwanangu alinipigia kutoka Nairobi akiuliza nani ananitesa. Wengine huko kwetu wakaanza kutishia Wajaluo wasiowajua kwa sababu yangu mimi, ambaye hata hawajawahi kuninunulia kiazi.

Bwana Wesonga akaita mkutano. Dolphine akaambiwa aje kujibu, na mimi nikaambiwa nije kama mwathiriwa. Neno hilo nililitazama lilivyonijia nikaona halinitoshi, kama gauni la mtu mwingine.

Tuliketi chini ya mabati ya ofisi ya soko, wanawake wengine wamejaa mlangoni. Debra alizungumza kwanza. Hakuwa mkali. Alisema lugha yetu ina maneno mengi na ni vizuri tuyatofautishe. Kuna ucheshi, ambao ni wa kufurahisha na haumuumizi mtu. Kuna utani, wa watu wenye uhusiano unaokubalika. Kuna mzaha na masihara. Lakini kuna pia dhihaka, kuna kejeli, kuna tashtiti, kuna stihizai, na haya yana sumu ndani. Mimi nilisoma mpaka kidato cha pili, kejeli na tashtiti mara ya mwisho nilikutana nazo kwenye mtihani. Debra akasema kumtaja marehemu na kabila la mjane kwa pamoja hadharani, kitaalamu, hiyo ni dhihaka. Alisema kwa huzuni, na niliona anaamini anachosema.

Bwana Wesonga akasoma hukumu iliyokuwa tayari. Jumamosi, siku ya soko, Dolphine atasimama kwenye kipaza sauti aniombe msamaha kwa dhihaka, na aahidi mbele ya watu kwamba hatanitania tena, wala mimi wala mtu mwingine wa kabila jingine. Akifanya hivyo meza ni yake. Asipofanya, meza inakwenda.

Dolphine alikuwa amekaa, mikono mapajani. Nilimgeukia nikamnong'oneza aseme tu. Ni maneno, yapite, abaki na meza yake na jiko lake. Alinitazama kama mtu aliyepigwa kofi na ndugu yake.

"Nikiomba msamaha," akasema, "nitakuwa nimekubali kwamba miaka yote hii nilikuwa nakuchukia."

Halafu akasimama, akawaambia kwamba yeye Dolphine Nyar Asembo haombi msamaha kwa kumpenda mtu, na kama wanataka meza, meza ni mbao. Akaketi.

Ndipo nikaona aibu. Mimi niliyekuwa namwambia aseme yapite. Nikasimama bila kupewa nafasi. Debra akaniuliza kwa upole, mama, kati ya maneno haya, wewe kwa moyo wako ungeliitaje jambo analokufanyia Dolphine? Nikamwambia aweke neno lolote analopenda, mimi naita kusalimiana.

Bwana Wesonga akasema mambo haya si ya kucheza, yeye aliona 2008 kwa macho yake na ilianza na maneno.

"Mimi pia niliona," nikamwambia. "Waliochoma kibanda changu niliwajua kwa sura. Hakuna hata mmoja aliyewahi kunitania. Walikuwa wakiniamkia vizuri sana, Bwana Wesonga. Kiswahili chao kilikuwa safi."

Bwana Wesonga alifuta jasho. Kwa dakika moja nilidhani tumeshinda, kwa sababu Debra alikuwa ameinamisha kichwa na yeye mwenyekiti alikuwa hanitazami. Lakini mtu anayeogopa humwezi kwa maneno. Akasema ameelewa uchungu wangu, ila video imeshaenda, nchi nzima inatazama soko letu, na akimwachia huyu atamwachia kila mtu. Sheria ilibaki palepale.

Jumamosi kipaza sauti kilisimama pale, kimewashwa, kinapiga kelele za umeme. Dolphine alikaanga samaki wake mpaka wa mwisho, akawauza, akaosha karai, akaliinua kichwani na kuondoka bila kukisogelea. Jioni hiyo wakampa meza yake mtu wa mitumba.

Jumatatu alirudi. Hakuna aliyemtarajia. Aliweka jiko lake nje, ng'ambo ya mtaro, ukingoni mwa barabara, pale malori ya miwa ya kutoka Muhoroni yanapopita na kumwaga vumbi na maganda. Alifunika samaki kwa gazeti, upepo ukalifunua, akalifunika tena. Nilimwita mara ya kwanza aje ashike upande wa meza yangu. Akapunga mkono kwamba yuko sawa. Nilimwita mara ya pili. Hapo ndipo alinijibu, na jibu lenyewe lilinivunja moyo.

"Asante, mama," akasema. "Mungu akubariki."

Nilirudi kwa viazi vyangu nikakaa. Kumbe kamati ilikuwa imepata ilichotaka bila kipaza sauti. Meza nilijua atapata nyingine, huyo hafi njaa. Lakini alikuwa ananibariki. Jumanne akaniuliza habari ya asubuhi. Jumatano akaniuliza habari za nyumbani. Wateja wakapita katikati yetu kimya, wakanunua walichonunua, wakaenda. Sikuelewa kama ananilinda nisije nami nikanyang'anywa meza, au kama lile nililomnong'oneza siku ya mkutano lilikuwa bado linamuuma. Pengine yote mawili. Sikuuliza. Kuna mambo ukimuuliza Dolphine atakujibu kwa heshima, na heshima yake nilikuwa nimeichoka.

Alhamisi nikawaza hivi. Miaka yote hii yeye ndiye huanza. Mimi hujibu. Hata siku ya vumbi, hata niliporudi kutoka Nyeri baada ya moto, hata nilipokuwa mjane asiyechana nywele, yeye ndiye alirusha la kwanza na mimi nikadaka. Sikuwahi kuanza. Ni rahisi kuwa jasiri ukiwa unajibu. Na nilijua, kabla sijasimama, kwamba nikianza mimi, mbele ya watu, wiki hiihii, meza yangu nayo itakwenda. Ndirangu alinitafutia meza hiyo. Nilipiga ile mbao kwa kiganja mara moja, nikasimama.

Soko lilikuwa limejaa. Bwana Wesonga alikuwa kwa mabeseni yake, Debra amesimama naye, na sikuwajali. Nilitembea mpaka kwenye mtaro, nikashika kiuno kama anavyoshika yeye, na nikapaza sauti ambayo sikujua ninayo.

"Wewe Mjaluo! Nyumba ndogo gani hii inalala barabarani? Mume wetu alikufa juzi tu na wewe umeshajianika njiani utazamwe na madereva wa miwa! Unataka watu waseme sikukulea vizuri? Mimi ndiye mke mkubwa hapa. Inua hilo karai uingie ndani kabla sijakurudisha kwenu Asembo na nzi wako!"

Kila mtu alisikia. Simu zilitoka mifukoni, na safari hii niliangalia zielekezwe vizuri. Dolphine alikuwa ameinama juu ya jiko. Hakusogea. Lori likapita nyuma yake, vumbi likatufunika sisi sote, na lilipotulia nikaona bado ameinama, mabega yanatikisika, na sikujua analia au anafanya nini. Nikawaza, Wangu, umeaibika, na meza umepoteza.

Kisha akanyooka. Uso ulikuwa umelowa machozi na meno yote yako nje. Akafunga leso yake vizuri kiunoni, akachukua karai na mafuta yake, akaruka mtaro na miguu yake mirefu, akasimama mbele yangu akinitazama kutoka juu.

"Mke mkubwa nani?" akasema. "Mimi niliyelia Nyeri mpaka mchungaji akafunga kitabu? Mama mkwe alinijua mimi siku hiyo. Wewe alikuona ni mgeni aliyeleta viazi."

Wanawake walipiga kigelegele hadi ng'ombe wa jirani wakakimbia. Alinipita, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye meza yangu, akasukuma viazi vyangu pembeni kwa mkono wa kushoto bila hata kuomba, akatua karai. Mafuta yalimwagikia viazi. Nilimwambia atavilipa. Akasema kumbe kweli Mkikuyu hata akikuokoa bado anakudai.

Bwana Wesonga alikuja. Alitutazama mmoja mmoja, akatazama soko, akasema kwa sauti ya chini kwamba sasa hana la kufanya ila kutuita sote wawili, Jumatatu, na kwamba nijue meza hii iko hatarini. Nikamwambia najua. Debra alikuwa nyuma yake, amefunika mdomo kwa kiganja, na macho yake sikuyaelewa.

Basi hivyo ndivyo ilivyo. Kesho kutwa ni hiyo Jumatatu. Tunaketi meza moja, samaki huku, viazi huku, na viazi vyangu vyote vinanuka ziwa, wateja wanalalamika na bado wananunua. Wanaweza kutunyang'anya, mimi sitasema uongo kwamba siogopi. Lakini nimemwambia Dolphine kwamba wakiuliza tena mwathiriwa ni nani, aniachie mimi nijibu. Amekataa. Anasema yeye ndiye aliyeolewa vibaya, na atakuwa wa kwanza kusimama.